Kabla hujang'oa jino, shika kwanza taya lako

Gego langu la juu upande wa kulia lilitolewa likiwa zima. Halikuwa na tundu wala halikuwa limeoza. Lilikuwa linauma tu, na mimi nilikuwa nimechoka kumeza Panadol, nikamwambia aliyenihudumia alitoe. Akalitoa. Kidonda kilipokauka maumivu yakarudi palepale, safari hii yakipanda hadi sikioni na kwenye panja. Nikanunua dawa ya matone ya sikio. Sikio nalo lilikuwa zima.

Mwaka huo nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu. Aliyewahi kushika daftari la kikoba anajua Novemba inavyokuwa: Desemba mnavunja, kila mwanachama ameshaipangia fedha yake ada ya Januari, na wakopaji watatu hawapokei simu. Mchana nilipiga hesabu meno yakiwa yameumana. Usiku hesabu ziliendelea bila mimi kujua. Asubuhi moja binti yangu, tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja, akaniuliza, "Mama, jana usiku ulikuwa unatafuna nini?" Nikamwambia ameota.

Nilipomsimulia mama akasema, "Huko ni kusaga meno, na hiyo ni minyoo, mwanangu." Nikameza dawa ya minyoo. Wengi tumekuzwa na maneno hayo, na simlaumu. Lakini watoto wengi husaga meno usiku na wakaacha wenyewe wakikua. Mtu mzima akianza, achunguze mawazo yake, usingizi wake na vile anavyokunywa.

Daktari wa meno wa pili hakuanza na meno. Aliniwekea vidole kwenye mashavu yote mawili, karibu na pembe ya taya, akasema, "Uma, dada." Misuli ikatuna, na alipoibonyeza machozi yakanitoka. Kisha akanipa kioo. Ncha za meno ya mbele zilikuwa zimelika zikawa bapa. Ndani ya shavu kulikuwa na mstari mweupe, na kingo za ulimi zilikuwa na alama za meno. Dalili hizo za kusaga meno hazikuanza siku ile. Naamini zilikuwepo hata gego langu lilipotolewa, ila hakuna aliyeziangalia, na mimi sikujua cha kuuliza. Ndiyo maana naandika. Jino likikuuma na halina tundu, na asubuhi unaamka taya zito au kichwa kinagonga kwenye mapanja, omba uangaliwe misuli ya taya kabla hujakubali koleo. Jino la ukubwani likitoka halioti tena, na ile ngozi ngumu ya juu ya jino ikishasagika hairudi.

Kilichonisaidia kuliko vyote hakina gharama. Meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana usipokuwa unatafuna au kumeza. Sikuwa nalijua hilo maisha yangu yote! Midomo ifungwe, meno yaachane kidogo, ulimi ukae juu nyuma ya meno ya mbele. Ukitaka kujua ulimi ukae wapi, anza kusema "nne" na usiimalizie: pale ulimi ulipogusa ndipo pake. Nilijiwekea kwamba kila simu ikiita, kabla sijapokea, nalegeza taya. Kwa mweka hazina simu haziishi, kwa hiyo mazoezi nilifanya ya kutosha. Wiki za kwanza nilijikuta nimeuma kila mara, hata nikiosha vyombo, hata nikiwa kwenye daladala.

Kwa usiku nilitengenezewa kinga. Unauma kitu laini kama ugali mbichi, kikiganda kinachukua umbo la meno yako, na kwa umbo hilo wanatengeneza kifuniko kigumu cha kuvaa unapolala. Ila msikitegemee kupita kiasi: hakizuii kusaga. Kinapokea msago badala ya meno. Siku tatu za mwanzo udenda ulilowesha mto, baadaye nikazoea. Kioshe kwa maji baridi na mswaki laini; maji ya moto yatakipinda, na kikipinda hakifai tena.

Jioni nakanda mashavu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kahawa naishia mchana. Bigijii nimeacha kabisa, maana misuli iliyochoka haihitaji kazi nyingine. Pombe na sigara navyo huongeza kusaga, kwa wanaotumia. Kuna mambo mawili msiyafiche kwa daktari: kama unakoroma na kushtuka usingizini kama mtu aliyekabwa, na kama unatumia dawa za sonona, kwani baadhi yake huchochea kusaga meno. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Daftari la kikoba nililikabidhi Januari, mbele ya wanachama wote, na madeni mawili kati ya yale matatu yakiwa yamelipwa. Kusaga hakukuisha siku hiyo. Kulipungua polepole, na mwezi wa ada za shule bado kunarudi. Juzi nilipokuwa naosha kinga yangu niliona imeanza kuliwa upande wa kulia, mashimo mawili madogo. Nikayapapasa kwa kidole muda mrefu. Msago huo ungekuwa kwenye magego yaliyonibakia.