Mshahara wa mkononi na nafuu ya kodi: anayefaidika ni nani?

Kila mwaka ukianza, kina dada walioajiriwa kulea watoto wa watu hapa Dublin, kama mimi, huniuliza: mimi na mzee tumeoana, tugawane vipi nafuu zetu za kodi? Nami huwauliza kwanza: na bosi wako mlikubaliana mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, au kiasi unachopokea mkononi baada ya makato? Wengi ni mkononi. Basi jibu langu linabadilika.

Nafuu ya kodi ya Ayalandi hukatwa kwenye kodi yenyewe, si kwenye mapato. Kwa viwango vya 2025, wanandoa waliochagua kukadiriwa pamoja, yaani kodi yao kuhesabiwa kama ya familia moja, wana nafuu ya ndoa ya euro 4,000, na wanaweza kuigawa watakavyo kwenye akaunti yao ya mtandaoni ya Revenue, yaani mamlaka ya kodi. Kila mwajiriwa ana nyingine ya euro 2,000 ya ajira, na hiyo haihamishiki hata mkipendana vipi. USC, yaani kodi nyingine ya ziada kwenye mapato, na PRSI, yaani michango ya bima ya jamii, kila mtu hulipa kivyake. (Kama mzee bado yuko Mombasa, hesabu zake ni nyingine kabisa, hapa nazungumza na walio pamoja huku.)

Sasa tazama slipu yangu. Napokea euro 550 kwa wiki, ndivyo tulivyopatana, na kodi na makato yote juu ya hapo ni mzigo wa bosi. Nafuu ya ndoa ikigawanywa nusu kwa nusu, mshahara ghafi kwenye slipu ni kama euro 637. Ikienda yote kwa mume wangu, ghafi inapanda hadi karibu 690. Chini kabisa, pale ninapotazama mimi, ni 550 ileile. Wanaobadilika ni wengine wawili. Mume wangu, anayeendesha basi, anapata euro 2,000 zaidi kwa mwaka, na bosi wangu anaongeza karibu 3,000 ukijumlisha na PRSI ya mwajiri. Geuza upande wa pili: mzee akinipa nafuu yake kwa moyo safi ili "mke wangu asikatwe sana", mimi sioni hata senti, yeye anakatwa zaidi, na tajiri wangu anapumua. Upendo wake unaishia kwenye mfuko wa bosi.

Ndiyo maana baadhi ya waajiri huuliza mapema sana kama umeolewa na nafuu zako ziko wapi. Hawana ubaya, wanapiga hesabu zao. Nawe piga zako.

Je, uhamishie yote kwa mumeo kimyakimya? Sikushauri. Mfumo wa mishahara hupokea taarifa mpya kutoka Revenue, na mhasibu wa bosi ataona gharama imepanda. Watu waliokuachia mtoto wao mikononi mwako hawapendi kushtukizwa namna hiyo, na wewe ndiye utakayebaki kueleza jikoni asubuhi. Kilichonisaidia mimi ni kuomba mkataba uandikwe upya kwa mshahara ghafi. Tulichukua ghafi inayolingana na nafuu za kawaida za mtu mmoja, ile ya nusu kwa nusu, kwa hiyo bosi hakuongeza kitu wala mimi sikupunguziwa. Kuanzia hapo, nafuu tukizipeleka kushoto au kulia ni shauri letu la chumbani.

Ghafi ina faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Benki ikikupimia mkopo wa nyumba huanza na ghafi. Na tangu 31 Machi 2025, aliyepoteza kazi akiwa na michango ya kutosha anaweza kulipwa hadi asilimia 60 ya mapato yake ghafi kwa miezi 3 ya kwanza, isizidi euro 450 kwa wiki. Ghafi ikiwa imeshushwa ili kumpunguzia bosi kodi, nawe unashuka nayo.

Kuna kitu kimoja mnachoweza kugawana bila kumgusa bosi: daraja la asilimia 20, yaani sehemu ya mapato inayotozwa asilimia 20 kabla ya kinachozidi kutozwa 40. Kwa wanandoa wenye mapato mawili, daraja hilo ni euro 53,000 pamoja na mapato ya mwenye kipato kidogo, nyongeza hiyo isizidi 35,000. Tuseme wewe ghafi yako ni 30,000 kwa mwaka na mzee anapata 50,000. Peke yake, kila kinachozidi 44,000 kingekatwa asilimia 40. Mkikadiriwa pamoja, anaweza kutumia hadi 53,000 kwa asilimia 20, na zile 6,000 zinamwokolea euro 1,200. Wewe unabaki na daraja la kukutosha, slipu yako haitikisiki. Hili lifanyeni hata leo.

Mwisho ni marejesho. Mwaka ukiisha na kodi ikawa imelipwa zaidi, Revenue humrudishia mlipakodi, si mwajiri. Kwenye mkataba wa mkononi bosi anaweza kudai ni pesa yake, maana yeye ndiye aliyeilipa, na hoja yake ina uzito. Kama bado hamjahamia ghafi, andikeni kwenye mkataba sentensi moja tu: marejesho ni ya nani, na mshahara wa mkononi umehesabiwa kwa nafuu zipi.