Kikao kimoja kinapohama: ushauri kwa wanaoanza kuandikia programu kalenda ya Google

Wengi wanaoanza kutumia kiolesura cha programu (API) cha Google Calendar hudhani kwamba kikao cha kila Jumatatu kimehifadhiwa kama vikao vingi vilivyofuatana. Kwa kweli kwenye seva lipo tukio mama moja lenye kanuni ya marudio, kwa mfano RRULE:FREQ=WEEKLY;BYDAY=MO (yaani kila wiki, siku ya Jumatatu), na vikao vinavyoonekana kwenye kalenda huzalishwa kutokana na kanuni hiyo. Kikao kimoja kikihamishwa au kufutwa, ndipo kinapopata rekodi yake, ambayo hufungamanishwa na tukio mama kwa recurringEventId, yaani sehemu yenye kitambulisho (id) cha tukio mama.

Tuchukue kikao cha saa 3 asubuhi jijini Dar es Salaam. Jumatatu ya tarehe 14 Oktoba 2024 ilikuwa Siku ya Nyerere, basi kikao kinasogezwa hadi Jumanne. Sehemu ya start itaonyesha tarehe 15, lakini originalStartTime itabaki 2024-10-14T09:00:00+03:00, hata kikao hicho kikisogezwa tena hadi Alhamisi. Kitambueni kikao kwa muda huo wa asili, kwa sababu programu inayolinganisha kwa muda wa sasa itaona kikao kipya Jumanne na kuendelea kushikilia kile cha Jumatatu ambacho hakipo tena.

Kikao kilichofutwa kinahitaji uangalifu zaidi. Rekodi yake huja na status ya cancelled, na yenye uhakika wa kujazwa ni id, recurringEventId na originalStartTime pekee. Programu inayosoma start bila kukagua status kwanza inaweza kukwama hapo.

Mkitaka kubadilisha kikao kimoja, kitafuteni kwa events.instances, ombi linaloorodhesha vikao vya mfululizo, kisha mkisasishe kwa id yake. Mfululizo mzima hubadilishwa kwenye tukio mama. Kupitia kikao kimoja kimoja hujaza kalenda rekodi zisizohitajika na huweza kuwamwagia washiriki arifa nyingi.

Mabadiliko ya “kuanzia kikao hiki na kuendelea” ndiyo magumu kuliko yote, kwani huhitaji maombi mawili: mfululizo wa zamani hukatwa kwa UNTIL, sehemu ya kanuni inayotaja mwisho wa marudio, inayoishia kabla ya kikao hicho, kisha mfululizo mpya huundwa. Vikao vilivyokuwa vimehamishwa au kufutwa baada ya hapo havihamii kwenye mfululizo mpya, kwa hiyo visomeni na kuvihifadhi kabla ya kukata, kisha muulizeni mwenye kalenda ni vipi kati ya hivyo anataka virudishwe.