Maswali na Majibu: Askari wa miezi michache anastahili nini?

Tangu niandike hapa kuhusu pensheni za walimu, wasomaji wamenigeuzia kibao: sasa wanauliza ya jeshi. Nimechagua maswali matano.

Shikamoo. Mpwa wangu alihamia Marekani akaingia jeshi lao kwa mkataba wa miaka minne. Baada ya miezi 14 akatolewa. Kaambiwa hana lake. Ni kweli? (Mama wa Shela, Lamu)

Marahaba mama. Inategemea alitokaje, na hilo hukulitaja. Sheria ya huko yamtaka aliyeandikishwa baada ya tarehe 7 Septemba 1980 awe ametumikia miezi 24 mfululizo, au muda wote alioitiwa, ndipo apate mafao mengi, yakiwemo matibabu. Askari wa akiba aliyeitwa kwa mwaka mmoja na akaumaliza, huyo ametimiza. Mpwa wako hajatimiza.

Lakini wapo wasiopimwa kwa miezi hiyo: aliyetolewa kwa ulemavu alioupata kazini, kwa mfano, au aliyeruhusiwa kwa sababu ya shida nzito ya nyumbani. Na fidia ya jeraha au maradhi yaliyotokana na utumishi haina sharti la miezi 24. Mwambie aitafute fomu DD-214, ile hati ya kutoka jeshini, asome sababu iliyoandikwa. Ikiwa goti liliharibika mazoezini, asikubali jibu la mdomo. Apeleke madai kwa maandishi. Yako mashirika ya wanajeshi wastaafu yanayosaidia kujaza madai hayo bila malipo, basi asiwape madalali pesa. Akiwa alifukuzwa kwa kosa, hapo kazi ipo.

Mimi naona ni dhuluma. Mtu kavaa magwanda, kala kiapo, halafu upungufu wa mwezi mmoja unamkosesha kila kitu. Wewe waonaje? (Barubaru wa Mambrui)

Nakubaliana nawe nusu. Baharia aliyeshuka bandari ya kwanza kwa hiari yake hadai mgao wa safari nzima. Lakini aliyevunjika mkono chombo kikipita mkondo wa Mkanda, nahodha hamuulizi ana siku ngapi chomboni. Malipo ya muda yapimwe kwa muda. Malipo ya jeraha yasipimwe kwa muda hata kidogo. Hapo Wamarekani, kwenye maandishi angalau, wako sawa.

Wanaponikera ni kwenye hiyo miezi 24. Mwisho wa miaka ya 1970 vijana wengi walikuwa wakiingia jeshini na kutoka kabla ya kumaliza mkataba wa kwanza, na Bunge lao likaona gharama inapotea. Sawa. Lakini matokeo yake ni kwamba aliyeandikishwa tarehe 7 Septemba na mwenzake wa tarehe 8, wakitoka siku moja baada ya miezi 23, wana haki mbili tofauti. Mmoja hana sharti la miezi 24, mwingine analo. Hilo silioni kuwa haki, nalo limeachwa hivyo miaka zaidi ya 40.

Na wanajua kufanya vizuri zaidi. Mpango wao wa kulipia masomo, kwa waliotumikia baada ya tarehe 11 Septemba 2001, umepangwa kwa ngazi: siku 90 zinakupa asilimia 50, ukizidi unapanda, miezi 36 unapata yote. Na aliyetolewa kwa ulemavu wa kazini baada ya siku 30 mfululizo hupewa asilimia 100 papo hapo. Hata pensheni, ambayo zamani ilimtaka askari amalize miaka 20 la sivyo aondoke mikono mitupu, tangu 2018 imeongezwa akiba ambayo anayetoka mapema huondoka nayo. Kama ngazi inawezekana kwenye karo, sioni kwa nini isiwezekane kwenye matibabu.

Kijana wangu kamaliza NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa, hapa Kenya). Ahesabiwa mwanajeshi mstaafu? (Baba, Gongoni)

La. NYS si jeshi, ijapokuwa gwaride ni lilelile.

Nilikuwa kibarua kwenye kambi ya Wamarekani Manda, huku Lamu. Tulifanya kazi pamoja nao, hatari ilikuwa moja. Kwa nini sisi hatuna mafao ya askari? (Wa Mokowe)

Kwa sababu hukula kiapo, ndugu yangu, na hatari peke yake haimfanyi mtu askari. Shambulio la Al-Shabaab la tarehe 5 Januari 2020 liliua Wamarekani watatu pale: mmoja askari, wawili wafanyakazi wa kandarasi. Risasi zilezile, ila familia zao ziliangukia sheria tofauti.

Lakini usidhani huna kitu. Wafanyakazi wa makandarasi kwenye kambi za Marekani ng'ambo wana sheria yao ya tangu 1941, Defense Base Act, inayofidia ajali na vifo kazini, na kwa kawaida haibagui uraia, isipokuwa pale serikali yao ilipowaondoa humo wenyeji wenye fidia ya nchi yao. Na Kenya tunayo sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007. Kama uliumia, shika hizo mbili. Kama hukuumia, ulilipwa mshahara wako na mambo yameishia hapo.

Babu alipigana Vita vya Pili vya Dunia na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Familia yaweza kudai? (Mjukuu, Faza)

Nyaraka zilizoibuliwa 2019 zilionyesha kwamba bakshishi ya kuagwa mwisho wa vita ilipimwa kwa cheo, kwa muda, na kwa rangi. Mwafrika aliweza kupata kama theluthi moja tu ya Mzungu wa cheo chake. Leo Uingereza hiyohiyo humwita mkongwe wa jeshi mtu aliyetumikia siku moja.

Wajukuu hamna dai. Nyanya yako, akiwa hai, ni mjane wa askari, na Royal Commonwealth Ex-Services League, shirika lililoundwa 1921, huwasaidia wakongwe na wajane wao walio katika dhiki. Ni msaada, si haki, na watataka kuona namba ya jeshi ya babu. Angalieni kwenye kitabu chake cha kuachiliwa, kabla hamjapanda boti kuja kunitafuta.