Kondo, kite na utuvu

Mhariri, assalamu alaikum. Wiki hii mmetuuliza: mshairi anayeandika juu ya vita na amani atumie maneno adimu yanayomlazimu msomaji kuuliza maana, au aandike kwa maneno ambayo hata mtoto anayaelewa? Nakuandikieni kutoka Lamu, mtaa wa Langoni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na baba yangu ni mvuvi. Jibu langu ni kwamba ayatumie yale adimu, lakini ayapate kwa watu kwanza, kamusi ije baadaye.

Juni 2014 Mpeketoni, mji wa bara wa Lamu hii yetu, iliposhambuliwa, kisha tukawekewa amri ya kutotoka nje usiku, hapa kwetu neno amani lilisemwa kuliko neno lolote. Lilitoka kwenye vipaza sauti, likaandikwa kwenye fulana na mabango, likafungua mikutano na kuifunga. Baba yangu alikuwa akivua usiku. Nyavu zake zilining'inia ukutani zikishika vumbi, na kila mgeni aliyepita alituhimiza tudumishe amani. Silitukani neno lenyewe, ni neno tukufu. Ila neno likishapita kwenye vinywa vyote mara nyingi kiasi hicho, sikio hulijua kabla halijafika, na halijisumbui tena kulisikiliza.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwa akisema vita. Alisema kondo. Mara ya kwanza nilipomsikia akisema "wakati wa kondo" nilikuwa na miaka 8 au 9, na kondo niliyoijua mimi ni ile ya nyuma, inayotoka baada ya mtoto na kuzikwa. Nilidhani anasimulia habari za uzazi. Nikamwuliza ni mtoto wa nani aliyezaliwa. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Hakuzawa mtu, mwanangu. Walikufa." Sidai kwamba maneno hayo mawili yana shina moja, hayo nawaachia wataalamu wa lugha. Lakini tangu siku ile siwezi kulitamka moja bila kuliona la pili: damu, na mama aliyelala, na kitu cha kuzikwa. Neno vita halijawahi kunionyesha hayo.

Kuna na neno kite. Kite ni mguno wa mtu mwenye uchungu, hasa mwanamke anayejifungua. Kite pia ni mapenzi, ndiyo maana wazee husema fulani hana kite na mwenzake, yaani hana moyo naye. Mguno na mapenzi vimekaa ndani ya silabi mbili! Mshairi anayetaka kumweka mbele yetu mama aliyeletewa maiti ya mwanawe atatafuta mishororo mingapi kufikia mahali ambapo neno hilo limeshafika?

Watasema baadhi ya wasomaji wenu kwamba ushairi wa namna hiyo ni wa wateule, unamfungia mlango mtu wa kawaida. Mimi naona jambo hilo limeangaliwa kinyume. Chukueni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 juu ya kuanguka kwa Pate, mji wa kisiwani jirani na Lamu uliokuwa na utawala na utajiri mkubwa. Leo wanafunzi wangu wanaiogopa kwa maneno yake magumu. Lakini tazameni maneno yenyewe ni ya vitu gani. Madaka, yale matundu ya ukutani yenye nakshi ambamo watu walipanga sahani za kauri. Nyuni, yaani ndege, walioyageuza madaka hayo kuwa viota. Bumu, yaani bundi. Popo. Matandu ya buibui. Hakuna hata moja la msomi hapo. Ni maneno ya mtu anayefagia nyumba yake. Mshairi alitaka kusema utawala umekwisha na matajiri wamelala kaburini, akaingia ndani ya nyumba yao akahesabu kilichobaki ukutani. Msikilizaji wa Pate au wa Lamu wa siku zile hakuhitaji kufafanuliwa maneno, alihitaji kugeuza shingo tu akatazame kidaka chake mwenyewe.

Kwa hiyo maneno hayo hayakuzaliwa adimu. Yamekuwa adimu kwa sababu nyumba zile zimehamwa, na ujenzi wa vidaka umepungua, na mabibi waliokuwa wakiyasema wamezikwa. Neno adimu ni hame, yaani mji ulioachwa na watu wake. Ukipita Takwa, kule kisiwani Manda, utaona msikiti wa mawe umesimama peke yake katikati ya miti, watu wake walishahamia Shela, ng'ambo huku kisiwani Lamu, zamani. Na bado watu wa Shela huvuka kwenda kuomba dua pale. Hame linaweza kuendewa.

Lakini sitaki kuonyesha kwamba lugha ya kale ilikuwa ya upole. Karibu na mwaka 1813 jeshi la Mombasa na Pate liliteremka Shela kuja kuishika Lamu, katika vita tunavyoviita vya Kuduhu. Kabla ya mapanga yalitangulia mashairi. Muyaka bin Haji alitunga upande wa Mombasa, na huku kwetu Zahidi Mngumi, aliyekuwa kiongozi na mshairi kwa pamoja, akajibu. Maneno ya ndani, mafumbo, mifano ya bahari na vyombo, yote yalitumika kutisha, kudharau na kuficha shauri. Kisha watu wakakutana ufukweni. Waliotoka Mombasa na Pate waliposhindwa walikimbilia majahazi yao, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Waliuawa wengi hapo hapo. Bibi alikuwa akisimulia kwamba utotoni walikatazwa kuchimba michanga ya Shela kwa kuchezea, kwa sababu ya mifupa.

Hili linanisumbua kila ninaposhika kalamu. Ufundi ule ule wa maneno, mizani ile ile, uliwahi kuwapeleka watu kwenye ule mchanga. Neno adimu halina wema wake lenyewe. Linafanya kazi moja: linamsimamisha mtu. Atakachokiona akishasimama ni juu ya mshairi.

Nije kwenye kosa ninaloliona sana. Mwanafunzi mmoja aliniletea shairi la amani, beti 6, mizani kamili, vina vimekaa sawasawa, na kila mshororo una neno ambalo ilinibidi nilitafute. Nikamwuliza, "Neno hili ulimsikia nani akilisema?" Akanyamaza. Alikuwa ameyatoa kamusini, mengine kwa sababu ya kina tu. Shairi lile lilikuwa kama sanduku la kuazima, zuri, lakini nguo zilizomo si zake. Nikamwambia aende kwa bibi yake amwulize watu hugombana kwa nini. Alirudi na neno ngoa. Bibi yake amemwambia ugomvi huanza na kulia ngoa, mtu kuona cha mwenzake na kukitamani mpaka moyo unamwuma. Aliufuta ubeti mzima akauandika upya kwa neno hilo moja, na mara ya kwanza nikamsikia yeye mwenyewe ndani ya shairi lake. Siku hizi ndiyo njia ninayofundishia: neno geni moja katika ubeti, mawili yakizidi, na yaliyo jirani yake yawe mepesi ili yalibebe.

Niliwahi kusoma utenzi wangu mfupi mbele ya watu, baada ya Isha, barazani, wakati wavuvi walikuwa bado wanalalamikia usiku wao. Nilitafuta neno la amani ambalo halijachapishwa kwenye fulana, nikakumbuka utuvu. Ni ule utulivu wa kitu kilichotua, mtu aliyekuwa na homa ikamshuka, bahari baada ya kusi. Beti zangu mbili za mwisho zilikuwa hizi:

Kondo ikisha kukoma
huacha kite cha mama
na dau lililokwama
na mji wenye ukiwa.

Nao utuvu hurudi
polepole, si kwa radi,
kama maji yakizidi
dau likainuliwa.

Nilipomaliza, kijana mmoja akauliza utuvu ni kitu gani. Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa ameegemea ukuta muda wote kama amelala, akasema, "Tangu mamangu kufa siyalisikia neno hilo." Akaanza kueleza. Alieleza mama yake alivyolitumia kwa mtoto aliyelia mpaka akachoka, na kwa upepo, na kwa nyumba ya wanandoa waliokuwa wakiteta kisha wakapatana. Mwingine akadakia na kondo, jinsi babu yake alivyoisimulia Kuduhu. Mwanamke mmoja aliyekuwa mlangoni akasema kite anakijua, na hakuongeza la pili, na wote tulijua kwa nini. Tukakaa pale karibu saa nzima. Katika mikutano yote ya mwaka ule sikuwahi kuona watu wakizungumza juu ya jambo hilo bila kuitwa kwa zamu na bila mtu kusoma karatasi.

Kama ningeandika amani mahali pa utuvu, mizani ingekubali pia. Wangepiga makofi wakaenda kulala.

Tulipokuwa tunaondoka yule mzee alinishika mkono. "Mwanangu," akasema, "utungo wako mzuri, lakini hayo maji si yetu. Sema mai, kama tusemavyo Lamu." Nikamwambia, "Naam, babu." Nikahesabu kwa vidole nikiwa njiani: kama mai yakizidi. Mizani ni 8 vile vile. Nimeubadilisha mshororo huo, na ndivyo ninavyousoma hadi leo.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu