Kabla hujaiuza mashine yako, uliza nani anayechora

Kijana mmoja anayesoma jiolojia alinifuata Kamalondo na laptopu yake ndani ya mfuko, akaniomba nimtafutie mnunuzi. "Yaya, hii imezeeka. Nikifungua QGIS, ile programu ya ramani, na kugeuza ramani ya 3D kidogo tu, inalia kama mulini ya mahindi, na betri inakwisha kabla sijamaliza kazi." Ilikuwa inatumia Linux, na chipu yake ya michoro ilikuwa Intel HD Graphics 3000, ya kizazi cha 2011, moja ya zile mashine zilizochoka maofisini kwa watu zikaja kuanza maisha ya pili hapa Lubumbashi. Mama yake alikuwa ameilipa kwa awamu mbili. Kabla ya kuzungumza habari za mnunuzi nilimwomba aketi, nikafungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, nikaandika:

glxinfo -B

(Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, amri hiyo inakuja na kifurushi cha mesa-utils.) Nilikuwa nautafuta mstari wa "OpenGL renderer", nikitarajia unitajie Intel. Ulitaja llvmpipe.

Neno hilo nimeshalikuta kwenye mashine nyingi mno mjini hapa, na karibu kila mara mwenye mashine alikuwa ameshaambiwa na mtu kwamba atafute nyingine. Watu wanaingia deni la dola mia mbili kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi ambao hakuna aliyewaonyesha. Inaniuma, na ndiyo maana naandika.

QGIS kwa ramani zake za 3D, FreeCAD, Blender na programu nyingine za kuchora vitu vya 3D haziongei na chipu moja kwa moja. Zinaongea lugha ya OpenGL, na Mesa, ambayo ni maktaba ya michoro, inaipokea lugha hiyo na kuigeuza kuwa amri ambazo chipu yako inazielewa. Ndani ya Mesa kuna viendeshi vingi (hapa kwetu wengi tunasema "pilote"): crocus kwa Intel za zamani kama ya kijana huyu, iris kwa Intel za kuanzia kizazi cha Broadwell, r600 na radeonsi kwa Radeon, nouveau kwa NVIDIA. Chini yake, kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, kuna kiendeshi kingine: i915 kwa Intel, radeon au amdgpu kwa AMD, na nouveau tena kwa NVIDIA. Cha juu na cha chini lazima vishikane mikono. Visiposhikana, Mesa haikuachi gizani. Inaichukua kazi yote ya kuchora na kumbebesha prosesa, yaani ubongo mkuu wa mashine, na anayeifanya kazi hiyo ndiye llvmpipe. Brian Paul alipoanza kuiandika Mesa mwaka 1993 kila kitu kilichorwa hivyo, na prosesa peke yake. Viendeshi vya chipu vilikuja baadaye. Kwa hiyo llvmpipe ni msaada wa kweli, ila unaficha ugonjwa. Skrini inawaka, madirisha yanafunguka, picha inaonekana. Unachokiona wewe ni feni isiyonyamaza na betri inayoyeyuka, na katika mji ambao umeme unaweza kuondoka saa nane mchana na kurudi usiku, betri inayoyeyuka ndiyo kazi yako ya siku imeyeyuka.

Basi swali la kwanza ni hilo: anayechora ni chipu au ni prosesa? Usibadilishe chochote kabla hujalijua jibu.

Kwa mashine ya kijana niliendelea hivi. `lspci -k` ilionyesha kwamba chipu ya Intel ipo, lakini chini yake hapakuwa na mstari unaosema ni kiendeshi gani cha kerneli kinaitumia. `ls /dev/dri` haikuonyesha renderD128, ambao ndio mlango ambao Mesa inapita kuifikia chipu. Kisha `cat /proc/cmdline`, yaani maneno ambayo kerneli iliambiwa wakati wa kuwaka, na hapo mwishoni likawa limekaa neno nomodeset.

Neno hilo linaikataza kerneli kutumia viendeshi vya chipu kuipanga skrini. Lina matumizi yake: mashine ikikupa skrini nyeusi wakati wa kusakinisha Linux, unaliandika ili ufike mwisho salama. Binamu yake aliyemsaidia kusakinisha alifanya hivyo, na alifanya vizuri. Ila neno lilibaki pale, na chipu ikakaa bila kazi karibu mwaka mzima.

Usikimbilie kulifuta moja kwa moja. Kwanza jaribu mara moja tu: washa mashine, kwenye menyu ya GRUB (programu inayoiwasha Linux) bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa neno nomodeset, kisha bonyeza Ctrl na x. Badiliko hilo linadumu kwa uwashaji mmoja. Skrini ikiwa nyeusi, zima na uwashe, utarudi palepale ulipokuwa. Wenye kibodi ya AZERTY, na hapa ni wengi, kumbukeni kwamba GRUB kwa kawaida inaisoma kibodi kama QWERTY. Herufi e na x ziko mahali pamoja kwenye zote mbili, hivyo hamtapata shida kufuta. Lakini siku mkihitaji kuliandika neno lenyewe, herufi m mtaipata kwenye kitufe cha mkato, kile kilicho kando ya n. Nimewaona watu wakiandika no;odeset na kushangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Jaribio likifaulu, ndipo unafungua `/etc/default/grub`, unalifuta neno hilo kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, unaandika `sudo update-grub`, unawasha upya. Mashine ya kijana ilipowaka, glxinfo ikasema "Mesa Intel HD Graphics 3000", OpenGL 3.3. Akafungua ramani yake, akaigeuza huku na huku. Feni ilikuwa imetulia. Alininyamazia kidogo, kisha akauliza kama inawezekana kuwa ni mashine ileile.

Chanzo cha pili ninachokikuta sana ni kwa wenye Radeon. Chipu za AMD zinahitaji fimwea, yaani programu ndogo ambayo kerneli inaipakia ndani ya chipu kila mashine inapowaka. Isipokuwepo, kiendeshi kinakataa kuharakisha michoro na mnaishia kwa llvmpipe. Hadi Debian 11, faili la kawaida la kusakinishia halikubeba fimwea zisizo huru. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023 zimo. Mama mmoja wa Katuba anayehariri video za harusi kwa Kdenlive alikuwa na Debian 11 na Radeon ya familia ya HD 6000M. `sudo dmesg | grep -i firmware` ilitoa mistari ya kulalamika kuhusu mafaili ya radeon ambayo hayakupatikana. Dawa yake ni kifurushi kimoja, firmware-amd-graphics. Mega zake za intaneti zilikuwa zimekwisha, nami sikutaka anunue nyingine kwa ajili hiyo, nikampakulia faili la .deb kwenye flashi, akaenda kulisakinisha nyumbani kwa `sudo apt install ./` na jina la faili. Alinipigia usiku: "Mwanangu, video haikatikikatiki tena." Ukipakulia mtu mwingine hivyo, hakikisha ni kifurushi cha toleo lake la Debian, si la kwako.

Chanzo cha tatu ni ushauri wa zamani, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa watu wanajiumiza wenyewe. Mtu anasoma mahali kwamba akiweka MESA_LOADER_DRIVER_OVERRIDE=i965 ndani ya `/etc/environment` mambo yatakuwa mazuri. Pengine siku hiyo yalikuwa kweli. Lakini Mesa 22.0 ya mwaka 2022 iliviondoa viendeshi vya mtindo wa zamani, i965 kikiwemo, na nafasi yake ikachukuliwa na crocus na iris. Mashine ikisasishwa, agizo linabaki linamwita mtu aliyehama. Mesa inamtafuta, haimpati, inarudi kwa prosesa. `LIBGL_DEBUG=verbose glxinfo -B` inakuonyesha wazi ni faili gani inalitafuta bila kulipata. Dawa ni kuufuta mstari ule. Mesa ya leo inachagua kiendeshi yenyewe kwa kusoma namba ya chipu, na kwa laptopu za kawaida inachagua sawasawa.

Mimi pia niliwahi kuandika faili la `20-intel.conf` ndani ya `/etc/X11/xorg.conf.d` nikiilazimisha seva ya X, programu inayosimamia skrini, itumie kiendeshi cha zamani kiitwacho intel, kwa sababu video zilikuwa zinachanika katikati ya skrini. Lilinisaidia kwa muda mrefu. Kisha nikasasisha mfumo, kifurushi cha kiendeshi kile kikaondoka, na asubuhi yake mashine haikufika hata kwenye ukurasa wa kuingilia, nikiwa na kazi ya mteja ya kukabidhi saa nne. Kama yamekukuta: bonyeza Ctrl, Alt na F3, ingia kwa jina lako, hamisha faili lile kwa `sudo mv`, washa upya. Kiendeshi cha sasa cha X kiitwacho modesetting kinatosha kwa Intel hizi na hakihitaji faili lolote. Na ukiwa unatumia Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, mafaili yale hayasomwi kabisa, kwa hiyo usipoteze jioni yako kuyahariri.

Kuhusu namba za matoleo ya OpenGL nitasema ukweli hata kama hautafurahisha. HD 3000 inafika 3.3. HD 4000 ya mwaka 2012 inafika 4.2. Blender kuanzia 2.8 ilitaka 3.3, lakini 4.0 iliyotoka 2023 inataka 4.3, na HD 4000 imeachwa nje kwa hatua moja. Kuna wanaoweka MESA_GL_VERSION_OVERRIDE=4.5 ili kuidanganya programu. Programu inafunguka kweli, kisha inachora takataka au inakufa katikati ya kazi, maana umeandika tani kumi ubavuni mwa kamyo ya tani tano. Ukiipakia tani kumi, itavunjika palepale. Baki na toleo la zamani la programu ambalo chipu yako inaliweza, uhifadhi kazi yako, na ukubali mpaka huo.

Wenye laptopu za chipu mbili, Intel pamoja na Radeon au NVIDIA: `DRI_PRIME=1 glxinfo -B` itakuambia kama ile ya pili inaamka. Itumie kwa programu moja moja, kwa kuitanguliza mbele ya jina la programu. Usiiweke iwe ya kudumu, kwa sababu joto na betri ni vyako wewe. Kwa NVIDIA nyingi zinazoendeshwa na nouveau, kadi inabaki kwenye kasi ndogo ya kuwashia, na ile Intel mnayoidharau inaweza kuishinda. Pimeni kwa kazi yenu halisi, kwa ramani yenu au video yenu. Msipime kwa glxgears, kile kijiprogramu cha magurudumu yanayozunguka. Magurudumu yale yakisema 60 kwa sekunde, kwa kawaida ni kwamba yanaisubiri skrini, na hiyo haisemi lolote kuhusu nguvu ya chipu.

Jambo la mwisho halimo kwenye programu. Msimu wa kiangazi vumbi jekundu la mji huu linaingia kila mahali, na chipu iliyozibwa na vumbi inajipunguzia kasi ili isiungue. Ukishahakikisha kwamba chipu ndiyo inayochora na bado mashine ni nzito baada ya robo saa, ifungue au mpe fundi aifungue, feni isafishwe.

Kijana wa jiolojia alirudi nyumbani na laptopu yake. Ramani na michoro ya visima vya utafiti anaifanya humo humo, kwa betri, mpaka umeme urudi. Blender mpya haitakuja kwake, hilo nilimwambia siku ileile, kwa hiyo kwa kazi hizo anakuja kwangu Jumamosi na flashi yake, anaketi kwenye mashine ya pembeni. Wiki hii amemleta mwenzake, na mfuko mwingine wenye laptopu ndani.