Glenfiddich ya miaka 12 imepauka na haina harufu: nimeuziwa jina?

SWALI: Nina baa ndogo hapa Mafinga. Wateja wameanza kuulizia singo molti, yaani wiski ya kimea cha shayiri pekee kutoka kiwanda kimoja, msambazaji akaniletea Glenfiddich ya miaka 12. Niliionja usiku baada ya kufunga hesabu, kwa barafu, nikaona ni ukali mtupu. Rangi yake pia imepauka kuliko blendi (wiski ya mchanganyiko wa viwanda mbalimbali) ninayouza kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Nitajuaje kama ina thamani yake au nimeuziwa jina?

JIBU: Ndugu yangu, rangi iweke kando kabisa. Sheria ya Scotland inaruhusu kutia rangi ya karameli kwenye wiski, iwe blendi au singo molti, kwa hiyo weusi wa kinywaji haukuambii umri wala ubora. Blendi yako inaweza kuwa nyeusi kwa sababu hiyo tu.

Tatizo kubwa ni baridi. Mafinga mwezi Julai, usiku, chupa iliyokaa kaunta tayari imepoa sana, nawe ukaongeza barafu! Harufu ya wiski ni mvuke, na kwenye baridi mvuke haupandi. Kinachobaki ni pombe inayochoma ulimi. Onja upya, mchana, kabla hujala kitimoto na pilipili. Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, hata ya mvinyo inafaa, mimina kama mililita 30, uishike kiganjani dakika kumi huku umeifunika kwa kisosi. Kisha nusa ukiwa umeachama kidogo, pua isizame ndani ya glasi.

Glenfiddich 12 inatakiwa ikupe peasi bivu kwanza, halafu tufaha kama yale ya Makete, vanila kidogo na utamu wa kimea. Harufu ya matunda inazaliwa hasa kwenye uchachushaji, hamira inapokula sukari ya shayiri. Vanila inatoka kwenye mapipa ya mwaloni, mengi yakiwa yalishatunza wiski ya Kimarekani, mengine mvinyo wa sheri wa Hispania. Moshi usiutafute humu, huo ni wa akina Laphroaig na Ardbeg kutoka kisiwa cha Islay. Ukikutana na harufu kali ya rangi ya kucha, mpira au boksi lililolowa, hapo una sababu ya kulalamika.

Sasa piga funda dogo, lizungushe mdomoni, umeze, uhesabu ladha inakaa muda gani. Baada ya hapo ongeza kijiko kimoja cha chai cha maji, yasiwe ya friji. Kama lebo inasema asilimia 40, utakuwa umeshusha hadi 34 hivi, na wiski nzuri hapo hufunguka: matunda yanajitokeza zaidi, ukali unapungua. Dhaifu hugeuka maji tu.

Ukitaka haki kamili, mwambie mhudumu akumiminie hiyo na blendi yako kwenye glasi zinazofanana, akiwa ameweka alama chini, wewe huoni. Kahawa ya Mbozi huonjwa hivyohivyo, vikombe vimepangwa mezani bila jina la mkulima. Nimewahi kuwafanyia hivi wahudumu wa baa Mbeya, wengine wakachagua blendi. Si aibu.

Maoni yangu mwenyewe: hii ni wiski safi, tamu, isiyo na kosa, ila mwili wake ni mwepesi na ladha inaondoka mapema. Sababu mojawapo ni kuchujwa ikiwa imepoozwa ili isipate ukungu, na mchujo huo huondoa baadhi ya mafuta yanayoipa uzito. Ile 12 ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani, sheria ikitaka isiyopungua 3. Jina singo molti linakuhakikishia kiwanda kimoja, kimea cha shayiri pekee na mtambo wa sufuria za shaba. Halikuhakikishii kwamba utaipenda.

Kuhusu uhalisi: kwa kanuni za Scotland za mwaka 2009, singo molti inayouzwa nje lazima iwe imefungwa chupani hukohuko, kwa hiyo anayekuletea ya dumu mfukuze. Kagua kizibo, kisha pima stempu ya TRA kwa programu ya Hakiki Stempu.

Kibiashara, chukua chupa moja tu na uiuze kwa toti. Isimamishe wima mbali na dirisha, maana pombe hii hula kizibo ikilazwa, na ikishuka chini ya theluthi usiiache miezi mingi, harufu inapotea. Na mhudumu asitie barafu kabla hajamuuliza mteja.