Eti uhuru wa kusema ni wa magazeti tu, muuza samaki haumhusu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nauza samaki wa kukaanga hapa Tanga, sokoni kwetu ushuru tunalipa kila siku ila choo kimepigwa kufuli tangu kabla ya Ramadhani, tunajibanza kwa majirani. Nikapiga picha lile kufuli lilivyoshika kutu nikairusha kwenye grupu letu la WhatsApp nikaandika "hela yetu inaenda wapi? fulani kaila", na jina nikaliweka. Kesho yake afisa mmoja kanijia mbele ya wateja eti atanifungulia kesi, uhuru wa kusema ni wa waandishi sio wa mpara samaki. Ni kweli?
Mama Vibua, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye mpara samaki kakupiga mkwara tu. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya 1977 inaanza na "kila mtu", haikusema kila mwenye kitambulisho cha uandishi, na inakupa uhuru wa kutoa maoni, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Zamani mlangoni kwake palikuwa na maneno "bila ya kuathiri sheria za nchi", hayo yaliondolewa 2005.

Ila usipige vigelegele bado, maana ibara ya 30 ipo palepale na inaruhusu sheria zilinde sifa na haki za wengine. Picha ya kufuli ni ukweli mtupu, na kuuliza hela inaenda wapi ni haki yako kabisa. Kilichokuponza ni lile jina. Ulimwona akila? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamwandama anayerusha habari huku akijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha watu, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote, sasa utauza vibua vingapi mwanangu? Kuna watakaokwambia kashfa iliondolewa kwenye jinai 2023, sawa, lakini hiyo ni Sheria ya Huduma za Habari, ya mtandao ni nyingine, na mwenye jina bado anaweza kukudai fidia. Mi binafsi naona adhabu hiyo imezidi mno kwa mtu wa kawaida, ila ndo sheria iliyopo.

Kwa hiyo lifute lile jina leo, waombe radhi kwenye grupu kwa jina tu, sio kwa choo. Halafu andika barua kwa ofisi inayokusanya ushuru, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, uliza zimekusanywa shilingi ngapi na za choo zilikuwa ngapi. Wana siku 30 za kukujibu. Toa kopi, na hiyo kopi yako wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe usiondoke bila huo, wakikwambia acha tu hapo mezani kaa kwenye benchi usubiri. Siku 30 zikipita kimya niandikie tena.